Usiilaze Kompyuta

Mimi ni fundi kompyuta, na Tarime mjini kila mtu anajua kwamba subira sina. Banda langu liko nyuma ya soko. Mteja akiniletea laptop yenye unga wa ugali katikati ya vitufe, halafu akaniapia kwamba imeharibika yenyewe, namwambia ukweli palepale. Wengine wananuna. Anayenuna namwelekeza Sirari, huko kuna mafundi wapole wanaosema hakuna shida, halafu unarudi nyumbani na shida yako vilevile. Baba yangu, mzee Abdurahmani, alikuja hapa kutoka Tanga na cherehani yake, na mpaka leo ananiambia, Kudra binti yangu, huo mdomo wako utakufukuzia riziki. Namjibu kwamba riziki yenyewe ndiyo inayonipigia simu.

Simu ya safari hii ilitoka Nyamongo, kwa Jenipha Ngeleja. Jenipha ni msomaji wa matangazo ya mchana kwenye redio ya jamii ya huko. Anasoma misiba, mikutano ya kijiji, na ng'ombe waliopotea. Ukitaka kujua redio ile inasikilizwa kiasi gani, wewe potelewa na ng'ombe tu. Kabla jua halijazama utakuwa umeshapigiwa simu na watu usiowajua, kila mmoja kamwona mahali pake.

Baba yake Jenipha ni Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu, akaoa, akabaki. Jenipha ana ualbino, na macho yake hayaoni mbali. Kwenye laptop ya kawaida inabidi ainame mpaka pua iguse kioo, na akiinama hivyo mdomo unaihama maikrofoni, kwa hiyo watu wanasikia tangazo linatoka kama mtu yumo ndani ya pipa. Ndiyo maana alikuja kwangu akanunua skrini kubwa ya kuunganisha pembeni. Nilimpangia herufi zikawa kubwa, kila moja inatoshana na kiberiti. Akakaa wima, maikrofoni mbele yake, akasoma bila kukunja uso. Siku ile alicheka peke yake pale bandani, nami nikampunguzia bei bila kuombwa, jambo ambalo sifanyi.

Sasa akanipigia analia. Tatizo lilikuwa hivi. Katikati ya matangazo redio hupiga wimbo, na wimbo ukipigwa Jenipha haigusi kompyuta yake. Isipoguswa, inalala. Akija kuiamsha, laptop yenyewe inaamka, lakini skrini kubwa inabaki nyeusi, imeandika "No Signal", yaani haipokei picha, basi. Mara nyingine inarudi baada ya kuchomoa waya na kuchomeka, mara nyingine hairudi kabisa.

Na ilikuwa imeshamletea balaa. Wiki iliyopita alianza kutangaza msiba wa mzee Simioni Mwita wa Kewanja. Akasoma jina, akasoma watoto wa marehemu, ukapigwa wimbo wa maombolezo. Wimbo ulipokwisha skrini ilikuwa giza. Nyuma ya kioo cha studio, Gloria, binti anayeendesha mitambo, alikuwa anamwonyesha kwa vidole kwamba yuko hewani. Jenipha akamalizia kwa kichwa. Akasema maziko ni Itiryo, badala ya Kewanja.

Jamani, Itiryo nako yupo mzee Simioni Mwita mwingine, na yeye hajafa. Lori la ndugu waliotoka mbali lilifika kwake na vilio. Wanawake wameshajifunga vitenge viunoni, wanashuka wanalia, wakamkuta mzee mwenyewe amekaa mlangoni anakunywa uji. Ungecheka kama si habari ya kifo. Mzee alikasirika vibaya, akasema wamemwitia kaburi. Wazee wa ukoo wakaja redioni wamekunja nyuso, na meneja, mzee Nyangwine, ikabidi apande mwenyewe Itiryo na mbuzi kwenda kuomba radhi.

Aliporudi alimwita Jenipha ofisini. Alimwambia kwa sauti yake ya chini kwamba Ijumaa atasimama mwenyewe nyuma ya kioo asikilize. Likitokea kosa moja tu, kiti atakikalia Gloria. Jenipha aliniambia maneno hayo huku anavuta kamasi, akaniambia hana kazi nyingine anayoiweza, kwa sababu juani hawezi kulima wala kuuza nyanya, ngozi inaungua. Hicho kiti ndicho maisha yake.

Mimi wakati huo nilikuwa na mteja mbele yangu anagombania chaja. Nikamjibu Jenipha harakaharaka, nikamwambia, "Sikiliza, usiilaze hiyo kompyuta. Isilale kabisa mpaka nije." Nikakata simu nikarudi kwenye ugomvi wa chaja, nikijiona nimemaliza.

Kesho yake akapiga tena. Sauti ilikuwa imemkauka. Akasema hawajailaza hata kidogo, wote redioni wameambiwa, na bado mambo yamezidi, sasa kila akiigeukia anakuta skrini nyeusi. Nikapandisha hasira. Nilimwambia haiwezekani, ama wananidanganya ama kuna mtu anaichezea. Akasema sawa, fundi. Ile sawa yake iliniuma kuliko kama angenigombeza, nikamwambia basi, Ijumaa asubuhi nipo kwenu.

Ijumaa nikafunga banda, nikachukua skrini yangu ndogo ya majaribio na mfuko wa nyaya, nikapanda bodaboda mpaka Nyamongo. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Nyangwine nilimkuta mlangoni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kwenye paji la uso kama kawaida yake. Akasema fundi, leo ndiyo leo. Nikapita ndani.

Ukutani juu ya meza ya Jenipha palikuwa na karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: USIILAZE KOMPYUTA, NI AMRI YA MENEJA. Chini ya karatasi, mezani, kulikuwa na matofali mawili yamevishwa khanga yasikwaruze. Na katikati ya hayo matofali laptop imefungwa, imesimamishwa wima kwa ubavu, imebanwa huku na huku isianguke.

Nilishika kiuno. Nikauliza nani kaifanya hivi. Jenipha akajibu kwa adabu kabisa kwamba ni wao wote, maana mimi mwenyewe nilisema isilale. Laptop ikikaa mezani si imelala chali? Wakaisimamisha. Ikiwa wazi haisimami, kwa hiyo wakaifunga kwanza. Anaandikia kibodi ya pembeni na kusomea skrini kubwa, hivyo hakuona ubaya.

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na Gloria nyuma ya kioo akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Laptop ukiifunga ndiyo inalala. Wale watu walikuwa wanaifumba macho kwa mikono yao, halafu wanaisimamisha mezani na kuilinda isilale. Kila walivyotii ndivyo ilivyozidi.

Halafu nikamwona Jenipha. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anangoja nimwambie kama kazi yake ipo au haipo. Kicheko kikaniisha. Neno lilikuwa langu, nililitupa kwenye simu nikiwa na haraka zangu, na wao walilichukua kama lilivyo. Kwetu kitu kikilazwa kinawekwa chini, awe mtoto, iwe chupa, liwe gunia. Nani aliwaambia kompyuta inalala kwa kufumba?

Nikaitoa kwenye matofali, nikaifungua, nikaiweka mezani. Nikamweleza neno langu lilikuwa na maana gani. Kisha nikaingia kwenye setingi, nikaiamuru isilale yenyewe hata ikiachwa bila kuguswa, na hata mtu akiifunga kwa bahati mbaya. Laptop ikawa imelala chali mezani, iko macho.

Lakini kazi haikuishia hapo. Kuizuia kulala ni kukwepa ugonjwa, si kuutibu. Nyamongo umeme unakatika unavyotaka, na skrini kubwa haina betri, kwa hiyo ikizima na kuwaka wangerudi kulekule kwenye giza. Nilitaka nijue kwa nini haiamki.

Safari hii nikailaza kweli, kwa makusudi, nikaiamsha. Skrini kubwa nyeusi. Nikabadilisha waya, nikaweka wangu mpya wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye skrini. Nyeusi. Nikahamia tundu jingine la laptop. Nyeusi. Jenipha ananiegemea begani, anapumua kwa nguvu, saa ya ukutani inakwenda, na mimi nikianza kutokwa jasho huwa natukana, ila pale nilijizuia kwa kuwa maikrofoni sijui kama imezimwa. Mwisho nikachomeka ile skrini yangu ndogo niliyokuja nayo. Nikalaza, nikaamsha. Ikawaka mara moja.

Nikaigeukia ile kubwa. Maana yake laptop nzima, waya mzima, ubovu uko kwenye skrini kubwa, na skrini kubwa ni mimi niliyemuuzia. Nilimwangalia binti wa watu nikaona haya, nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko.

Nikaanza kubonyeza vitufe vilivyo chini ya ile skrini, nikapitia menyu yake moja baada ya nyingine. Ndipo nikaona. Skrini ile ina matundu matatu ya kupokelea picha, na imepangwa kujitafutia yenyewe picha inatokea wapi. Ikiamka inaanza kupiga hodi tundu la kwanza, inangoja, inakwenda la pili, inangoja, ndiyo inafika la tatu, ambalo ndilo la HDMI. Laptop nayo ikiamka inauliza kuna skrini hapo? Haijibiwi, kwa sababu mwenzake bado yuko tundu la kwanza. Inakata tamaa, inaacha kutuma picha. Skrini ikifika tundu la tatu inakuta kimya, inaandika hakuna kitu, nayo inalala. Ni kama watu wawili wanaopigiana simu kwa wakati mmoja, kila mmoja anaambiwa mwenzake anatumika. Wote wazima, ila hawapatani.

Nikaizima ile habari ya kujitafutia. Nikaiambia skrini ibaki kwenye HDMI, isiende popote. Nikalaza laptop, nikaiamsha. Picha ikaja. Jenipha akasema subiri, nifanye mimi. Akalaza mwenyewe, akaamsha mwenyewe, picha ikaja. Akarudia tena na tena mpaka nikamwambia inatosha, mdogo wangu, utaichosha. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nami nilipumua, maana skrini niliyomuuzia haikuwa mbovu, ilikuwa haijaelekezwa tu.

Saa sita ikakaribia. Mzee Nyangwine akaja akasimama nyuma ya kioo kando ya Gloria, mikono nyuma. Nikaomba nibaki ndani, nikakaa kwenye kiti kidogo pembeni ya meza, karibu na nyaya, litokee lolote.

Jenipha akaanza. Sauti yake ukiikuta hewani hutaki kuhama, inatulia, haikimbii. Akasoma msiba wa kwanza, jina, ukoo, mahali pa maziko, akarudia mahali pa maziko mara mbili. Gloria akaweka wimbo. Na wimbo ukiwa katikati, umeme ukakatika.

Giza kwenye skrini. Nje nikasikia jenereta linakohoa. Nilimwona mzee Nyangwine ameinua kidevu. Jenipha hakusogea, alikuwa ameukaza uso kwenye ule weusi, midomo inacheza, sijui alikuwa anasali. Jenereta likashika. Taa zikarudi, skrini ikapepesa, na herufi zikatokea palepale alipoachia. Nilitaka kupiga kigelegele. Niliuma ncha ya khanga yangu badala yake.

Akaendelea. Ng'ombe wa mama Evelina wa Kewanja, mweusi, baka jeupe begani, pembe ya kushoto imeinama, aliyemwona atoe taarifa. Mkutano wa kijiji. Chanjo ya mifugo. Hakuna alipokwama, hakuna jina alilolikosea, na mimi nikaanza kuwaza safari ya kurudi.

Likabaki tangazo la mwisho. Sasa ujue, kwa ukubwa wa zile herufi, kwenye skrini yanaingia maneno machache tu kwa wakati mmoja. Jenipha anasoma mstari huku anateremsha unaofuata, hajui kilicho chini mpaka kipande. Akasoma: "Uongozi wa redio unawatangazia wasikilizaji wote nafasi ya kazi." Akateremsha. "Anahitajika msomaji wa matangazo ya mchana."

Sauti yake ilipungua kidogo sana, asiyemjua asingesikia. Akateremsha tena, na macho yangu yakatangulia: Awe na macho yanayoona vizuri.

Damu ilinichemka. Yaani mzee hakungoja hata Ijumaa yake iishe, kiti ameshakitangaza, na anayekisomea ni mwenye kiti. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye waya. Kuuchomoa tu, skrini ife, asisome. Nilikuwa tayari kuua kitu nilichotoka kukitengeneza, na Mungu ananiona, ningekiua bila kujuta.

Jenipha aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akaubana mezani. Hakuniangalia. Akasoma.

"Awe na macho yanayoona vizuri. Awe na sauti inayosikika. Waombaji wafike wenyewe studio." Kisha akaongeza, na hayo hayakuwa kwenye skrini, "Mwombaji wa kwanza ameshafika. Ni mimi, Jenipha Ngeleja. Nawatakieni mchana mwema."

Gloria akapandisha muziki. Taa nyekundu ikazimika, na mzee Nyangwine akaingia. Hakupaza sauti. Alisema tangazo lile lilikuwa la jioni, lilikuwa la Gloria kulisoma, akataka kujua nani amelihamishia mchana. Kumbe alipanga Jenipha alisikie akiwa nyumbani kwao, na majirani.

Gloria alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. Alisema, "Nimelihamisha mimi, mzee. Nisingeweza kulisoma yeye akiwa kwao anasikiliza. Na hicho kiti mimi sikiombi."

Mzee akawa hana pa kuangalia. Akaniangalia mimi. Akaniuliza kama mashine imepona au itawaaibisha tena. Nilikuwa nimejaa, na yalinitoka bila breki.

"Mashine imepona," nilimwambia. "Ulisema akikosea tangazo moja unamtoa. Leo amesoma mpaka tangazo la kumtoa yeye mwenyewe, na hakukosea neno. Sasa mzee wangu, unatafuta macho gani mengine?"

Nilijua nimevuka mipaka, mtu wa umri wa baba yangu. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Jenereta lilikuwa linanguruma nje. Mzee Nyangwine alivua kofia akaikunja, akaivaa tena.

"Kesho saa sita uwe hapa," alimwambia Jenipha.

Jenipha akamuuliza, kwa heshima zote, hili tangazo alifanyeje, libaki lisomwe na jioni au vipi. Mzee akasema lifutwe.

Hakulifuta mara moja. Angeweza, kitufe kipo, lakini alikaa wima kwenye kiti chake, akaweka kidole kwenye kufuta, akaanza mwishoni, herufi moja baada ya nyingine, zile herufi kubwa kama viberiti. Studio ikaondoka. Sauti ikaondoka. Mzee Nyangwine alisimama palepale anaangalia, kwa sababu kutoka wakati ule ingekuwa kukimbia. Yalipofikiwa maneno ya macho yanayoona vizuri, Jenipha alipunguza mwendo, akayala polepole mpaka skrini ikabaki nyeupe tupu. Mimi nililia pale, fundi mzima, wala sikuficha.